Kuni za Karakana

Watu hunicheka. Eti fundi gani anavaa barakoa na glavu kukata nguzo za uzio! Wacheke tu. Mbao za dawa si za mchezo. Ile dawa imeshindiliwa mpaka ndani ya mti ili mchwa afe, na mapafu yako hayana ujanja kuliko mchwa.

Jioni ile mvua ilikuwa inanukia. Nilikuwa nafagia maranda na vipande vya mbao, nivitie kwenye gunia la kupeleka jalalani, niende zangu nyumbani.

Nikasikia kikohozi mlangoni.

Kikavu... kikavu...

Alikuwa mama mmoja, mtandio umemfunika mdomo. Alinuka moshi.

"Fundi," alinong'ona, "nigawie kuni."

"Samahani, mama. Hizi hazichomwi. Moshi wake ni sumu."

Akanitazama weee. "Fundi aliyekuwa hapa kabla yako hakuniambia." Akakohoa tena, majivu ya kijani yakabaki kwenye mtandio. "Mvua ilinyesha, nikafunga mlango, nikapika. Wanangu walikuwa wamelala humo humo."

"Wewe umeniambia kweli, na mimi nakwambia. Gunia la jana liko wapi?"

Nikageukia kona nilikoliacha. Lahaula! Halipo.

Nikageukia mlango. Hayupo.

Nilitoka mguu niponye kwenda kwa mke wangu na mtoto, mvua ikanikuta njiani. Nyumbani mlango umefungwa... harufu ya mafuta ya taa... Nikaupiga teke. Mke wangu alikuwa amechutama, mtoto mgongoni, kiberiti kinawaka mkononi. Kwenye mafiga vimepangwa vipande vile vile, vyenye ukijani wa dawa.

Nikampiga mkono, kiberiti kikazima.

"We mwanaume, una wazimu?"

"Kuni umetoa wapi?"

"Kaniletea mama mmoja, anakohoa, maskini. Kasema umemtuma wewe." Sauti ikamshuka. "Kasema wanawe wanataka mwenzao wa kucheza naye."

Mpaka leo sijui. Alikuja kutuonya, au alikuja kuchukua? Naogopa jamani, sioni aibu kusema. Mvua inyeshe isinyeshe, siku hizi tunapika mlango wazi, tena kwa mkaa.

Ila mtoto ameanza kupunga mkono kule nje gizani, anacheka peke yake.

Na jana alianza kukohoa.

Kikohozi kikavu.