Presha Sifuri Kwenye Kona Ndefu

Mshale wa presha ya oili ulianguka.

Haukushuka taratibu. Ulianguka kama mtu aliyepigwa mtama, ukalala kwenye sifuri, na taa nyekundu ikawaka mbele ya macho ya Chiriku akiwa katikati ya kona ndefu ya kushoto.

Akaachia mafuta. Kona ikaisha, gari likanyooka, na mshale ukapanda tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umeuona?" akauliza.

Fundi aliyekaa pembeni yake aliinamisha kichwa. Alikuwa na kompyuta ndogo mapajani, lakini hakuiangalia. Alikuwa akitazama sakafu ya gari, kama mtu anayejua kuna nyoka chini yake.

Chiriku alikuwa jasusi. Jina hilo la ndege mpiga kelele alipewa ofisini kwa utani, kwa sababu alikuwa mwanamke wa maneno machache mno. Wiki ile alikuwa ameingia kwenye timu moja ya magari ya mbio kama dereva wa kukodiwa. Timu ilikuwa na magari mawili, yote yakisubiri ndege ya mizigo. Kabla ya kuondoka, ofisa wa forodha alitaka kuyaona yakizunguka uwanjani, aridhike kwamba ni magari ya mbio kweli; alikuwa hajafika bado, na Chiriku alikuwa akilijaribu moja.

Agizo la mkuu wake, mama mmoja ambaye kila mtu kazini alimwita Shangazi, lilikuja kwa simu likiwa fupi: "Sukari imefika. Onja."

Sukari ilikuwa vifaa vya kuongozea makombora, vilivyoibwa kwenye ghala la jeshi na kuuzwa kwa watu wa nje. Chiriku alikuwa ameshapekua viti, matairi na matangi. Hakupata kitu. Mbwa wa forodha nao walinusa, wakapiga chafya, wakaondoka.

Sasa mshale ulikuwa umesema.

"Fundi, ndani ya trei ya oili, chini ya injini, kuna nini?"

"Oili."

"Na nini tena?"

"Dada, tafadhali. Nina mama nyumbani, na nyumba wanaijua."

"Mama yako tumemtoa asubuhi. Yuko mahali salama. Analalamika kwamba godoro letu ni gumu."

Fundi akamgeukia. Akacheka kicheko kilichovunjika.

"Huyo ni mama kweli," akasema. Kisha maneno yakamtoka mfululizo. "Kuna sanduku. Halikuingia mpaka nikavikata vile vibati vya ndani, vinavyozuia oili isikimbilie upande mmoja. Sasa ukikata kona ndefu oili yote inahamia pembeni, pampu inanyonya hewa. Injini inazunguka kavu, chuma kwa chuma."

"Gari la pili?"

"Vilevile."

"Glavu anajua?"

Glavu ndiye aliyekuwa mwenye timu, dereva mstaafu ambaye hakuvua glavu zake hata mezani.

"Masanduku anayajua. Mimi nilimwambia tu magari yasikimbizwe. Hakuuliza kwa nini."

Ndipo Chiriku alipoiona taa ndogo ya kijani kwenye maiki ya Fundi. Redio ya timu ilikuwa wazi.

Kidole cha Fundi kilikuwa kimeibonyeza bila yeye kujua, sasa hivi tu alipotaja masanduku.

Redio ikakwaruza.

"Nimesikia," ilisema sauti ya Glavu, taratibu, bila hasira. "Dada dereva, rudi gereji. Fundi, na wewe uje. Tuongee kidogo."

Chiriku aliijua sauti ile ya upole. Alikuwa amewahi kusikia watu wakitukanwa na kutishwa na Glavu, na wote walikuwa hai. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwaona tena wale alioongea nao kwa upole.

Akaibonyeza redio yake ya siri, iliyojificha ndani ya helmeti.

"Shangazi. Sukari iko kwenye injini. Magari yote mawili. Wamejua."

"Toka humo, mwanangu."

Akatazama geti. Lilikuwa moja tu, na lori la timu lilikuwa limeshasogezwa likaliziba. Wanaume wawili walisimama mbele yake, mikono ndani ya makoti.

"Geti limefungwa."

"Vijana wako njiani. Usisimame. Unanisikia? Lolote litakalotokea, usisimame."

Akakanyaga mafuta. Nyuma, gari la pili lilichomoka gereji likipiga kelele. Glavu mwenyewe alikuwa kwenye usukani, kichwa wazi, bila helmeti.

Alikuwa anaujua uwanja ule kama kiganja cha mkono wake. Kila kona alimega umbali kidogo.

"Anatufikia," Fundi alisema. "Dada, anatufikia!"

"Naona."

"Na kona ndefu hiyo inakuja. Ukikanyaga humo injini inakufa. Ikifa..."

Hakumalizia. Wote wawili walijua watakachokuwa: watu wawili ndani ya bati lililosimama.

Chiriku akaingia kwenye kona. Mshale ukaanguka. Taa ikawaka. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia akanyage, akimbie, aokoe roho yake. Akauondoa mguu.

Huo ndio ulikuwa woga wenyewe, kupunguza mwendo huku muuaji akiwa mgongoni.

Mlio ukasikika. Kioo cha pembeni kikapasuka vipande.

"Anapiga risasi!"

"Inama."

Risasi nyingine ikatoboa mlango wa nyuma. Mguu wa Chiriku ulibaki juu. Mshale ulitikisika, ukanyanyuka kidogo. Kona ikaisha. Akakanyaga, na gari likaruka mbele.

Kwenye kioo cha kati akamwona Glavu akitoka kwenye kona ileile. Yeye hakuwa ameachia mafuta hata kidogo. Nyuma yake kulikuwa na uzi mwembamba wa moshi wa bluu.

Chiriku akauona moshi ule. Akaelewa.

"Fundi. Injini yake itavumilia kona ngapi?"

Fundi akainua kichwa, akageuka, akasikiliza. Katikati ya kelele kulikuwa na mlio mwingine, kama nyundo ndogo inayogonga sufuria.

"Beringi zinagonga," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya fundi. "Moja. Akiikanyaga kama alivyoikanyaga, ni moja tu."

"Basi inabidi aikanyage."

"Kwa nini aikanyage?"

"Kwa sababu atatuona tuko karibu."

"Dada, una wazimu?"

Wakazunguka uwanja wote, injini yao nayo ikianza kuunguruma vibaya, harufu ya chuma cha moto ikiwajaa puani. Kona ndefu ikafunguka mbele yao. Chiriku akauondoa mguu mapema, mapema kuliko ilivyohitajika, akamwacha Glavu asogee. Asogee tena. Pua ya gari lile ikajaa kwenye kioo. Akaziona glavu nyeusi, moja kwenye usukani, nyingine imeinua bastola ya Glock dirishani.

Mungu wangu, akawaza. Nimekosea.

Glavu akakanyaga mafuta mpaka chini.

Nyundo ikagonga mara ya mwisho, ikanyamaza. Kisha mlipuko mkavu. Kipande cha chuma kikatoka ubavuni mwa injini, oili ikamwagika chini ya matairi yake mwenyewe, na gari likazunguka kama pia, likafagia nyasi na kujibamiza kwenye ukuta wa matairi.

Kimya.

Chiriku akasimamisha gari, akatoa Beretta yake, akashuka. Alitembea bastola mbele, akisubiri risasi ambayo haikuja. Glavu alikuwa amebanwa na usukani, damu puani, silaha yake imerukia nyasini.

"Injini yangu," akanong'ona, macho yakiwa yametoka. "Imepatwa na nini?"

"Kiu," Chiriku alisema, akamfunga pingu.

Getini, lori lilisukumwa pembeni kwa kishindo. Vijana wa Shangazi wakaingia, na wale wanaume wawili wakalala kifudifudi bila kuambiwa mara mbili.

"Chiriku, jibu," redio ikaita. "Chiriku! Mwanangu, uko salama?"

"Nipo. Masanduku yote yapo. Leteni ndoo, yana oili."

Akarudi kwenye gari. Fundi alikuwa bado amekaa, vidole vikihangaika na mkanda bila kuufungua. Chiriku akainama, akaufungua. Fundi hakushuka.

"Dada," akasema, uso umemuiva kwa aibu. "Kiti... nimekilowesha."

Chiriku akavua helmeti, akajifuta jasho, akavaa miwani yake ya jua.

"Usijali, kaka. Changu kililowa kabla ya chako."

Akageuka, akaanza kutembea kuelekea getini, taratibu, mikono mifukoni.