Jina Alilolikataa Rotich

Bisha. Anza kubisha sasa hivi, kabla sijafika kwa wale ng'ombe, kwa sababu walionicheka hapa Kitale waliishia kuniomba niwasindikize nyumbani.

Rotich alikuwa karani wa ghala la mahindi na shemasi kanisani, mtu wa kuvuta soksi juu kabla ya kuomba. Mwaka wa themanini na moja mkewe, Chepkemei, alijifungua mvulana. Mama yake Rotich, bibi Jelimo, akaja kumtafutia mtoto jina kwa desturi: unamtia ugoro kidogo puani, unataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na yule ambaye jina lake mtoto atalipigia chafya, ndiye amerudi.

Wakataja wazuri wote. Mtoto kimya, ati anawatazama tu.

"Amebaki Kimutai," Jelimo akasema.

"Huyo mwizi wa ng'ombe?" Rotich akaruka. "Ami yangu aliyefia jela? Mama, ukimwita huyo, mtoto wangu atakuwa mwizi. Itakuwa imeshaandikwa!"

Shemasi mzima anaogopa chafya! Akachota ugoro mwingine, akausukuma puani mwa mtoto, akataja haraka babu yake mhubiri: "Kipsang!" Mtoto akapiga chafya. Si hata wewe ungepiga, bana?

Kesho yake nyumba ikanuka zizi. Nyumba ya kupanga, mjini, sakafu ya simiti, hakuna ng'ombe hata wa picha. Chepkemei akasugua, harufu ikazidi. Halafu mtoto akakataa ziwa.

Jumapili mchana, jua linawaka, Rotich akisoma Biblia kwa sauti ili mkewe asijue anavyotetemeka, kengele ya ng'ombe ikalia nyuma ya nyumba, ikajibiwa na nyingine upande wa mlango, kisha kwato, nyingi, zikaizunguka nyumba polepole kama kundi linaloswagwa na mtu asiyetaka kusikika, na pumzi zikatanda ukungu kwenye kioo cha dirisha, na mtu huko nje akapiga mluzi mwembamba, wa kubembeleza, na kitandani mtoto, ambaye hata kucheka alikuwa hajajua, akakunja midomo akaujibu.

"Baba Kipsang," Chepkemei akanong'ona.

"Usiniite hivyo!"

Umesikia? Jina alilolichagua mwenyewe.

Akakimbilia Bungoma kumleta Sharif, mtoa majini anayekaa karibu na msikiti. Shemasi huyo huyo! Sharif akasimama mlangoni, akanusa, akacheka.

"Bwana karani, mimi natoa majini. Jamaa za watu sitoi. Huyu amefika kwao, unataka aende wapi?"

"Mtoto atakufa," Chepkemei akasema taratibu. "Hana hata nguvu ya kulia."

Jelimo akamgeukia mwanawe. "Rotich, yale maziwa uliyokunywa ukasoma mpaka ukavaa hiyo tai, ulidhani ng'ombe alitoka wapi? Baba yako alipokufa, ni Kimutai alituletea huyo ng'ombe, na sikumuuliza kamtoa kwa nani. Ulilelewa na wizi wake na hukuwa mwizi. Sasa jina tu ndilo litamharibu huyu?"

Rotich akapiga magoti kwenye simiti, soksi na yote. "Kimutai?" akaita, sauti ya panya.

Mtoto akapiga chafya, bila ugoro. Kwato zikaondoka kuelekea barabarani, harufu ikazifuata, na mtoto akashika ziwa.

Hapo wasikilizaji hushusha pumzi, nami huifunga hadithi. Lakini kuna kipande huwa nakiruka. Huyo mtoto ni mimi. Shule niliiacha darasa la sita, na cha mtu sijagusa, uliza yeyote. Ila nikipita kando ya boma la watu, ng'ombe husimama wote, huvunja ua, hunifuata bila hata kuitwa.

Mpaka leo nimewarudisha.