Waranti Iliisha Alhamisi

Injini ilinguruma lakini gari halikusonga. Mwololo alisukuma gia mbele, akairudisha, akaisukuma tena. Malori ya Namanga yaliwapita kwa kasi, vumbi likaingia dirishani, na mkewe, Naliaka, hakuinua mkono kupandisha kioo.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka wa 2007, karibu na Isinya. Walikuwa wametoka nyumbani kwao Kitengela wakienda Kajiado kumwona mtoto wa Valerie, mdogo wake Naliaka. Safari hiyo Naliaka alikuwa ameiahirisha mara nyingi. Mtoto wake mwenyewe, msichana, alizaliwa Januari akiwa amekufa. Tangu hapo Naliaka aliamka, akaenda kufundisha, akarudi, akalala. Hakulia. Watu walisema amejikaza.

Mwololo alimpigia muuzaji wa yadi ya Nairobi walikonunua gari. Aliongea kidogo, akasikiliza sana, akakata simu.

"Waranti iliisha Alhamisi," alisema. "Sasa hii giaboksi ni yetu."

"Si uliipeleka?" Naliaka aliuliza. "Zile Jumamosi zote uliniambia unaenda yadi waangalie ule mlio."

Mwololo alijaribu gia tena. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Naliaka, kutoka kwa Valerie: "Mko wapi? Nimewapikia kuku. Mtoto ameamka anawangoja." Naliaka aliusoma, akarudisha simu kwenye mkoba.

Mtu mmoja wa kituo cha mafuta kilichokuwa karibu aliwaitia fundi, Meitamei, akafika kwa baiskeli. Aliingia chini ya gari, akakaa huko kitambo, akatoka na mikono mikavu. Aliwaeleza kwamba jiwe lilikuwa limepasua giaboksi kwa chini, oili ikavuja polepole, na gia zikasagana hadi zikaisha. Ilibidi itafutwe giaboksi nyingine Nairobi. Bei aliyotaja ingemeza akiba yote waliyoweka ya kuanza kujenga.

"Mzee, hii gari umekuwa ukipeleka wapi?" Meitamei aliuliza. "Hii si kazi ya lami."

Kisha akaenda kutafuta lori la kuwavuta, akawaacha wawili ndani ya gari lililozimwa.

"Ni nani?" Naliaka aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza saa.

"Nani?"

"Huyo mwanamke anayekaa kwa barabara ya mawe."

"Hakuna mwanamke."

"Nimejua tangu Machi kwamba huendi yadi. Mtu hatoki yadi na viatu vimejaa vumbi jekundu. Nilidhani umepata mtu. Na sikuumia, Mwololo. Nilipika, nikala, nikalala. Hapo ndipo niliogopa."

Mwololo alishika usukani kwa mikono yote miwili, kana kwamba gari lilikuwa linakwenda.

"Naenda Mashuuru," alisema. "Kwa Mjomba Nzomo. Ndiko nilimzika mtoto."

Naliaka alimgeukia polepole. Wakati wa mazishi alikuwa bado amelazwa, hajitambui vizuri kwa dawa. Alipotoka hospitali hakuuliza chochote, na hakuna aliyemwambia.

"Nilidhani uliwaachia hospitali," alisema. "Nilidhani walimtupa mahali wanatupa."

"Ningewaachia aje? Nilimbeba mimi mwenyewe, kwa hii gari. Nikangoja uniulize. Hukuuliza, nikaona hutaki kujua."

Alimweleza yaliyobaki akiangalia barabara. Kila Jumamosi alitoka akiwa na nia ya kwenda yadi. Akifika njia panda alijiambia apitie Mashuuru kwanza, kidogo tu. Huko alipalilia, akaketi, na jua likaenda. Mjomba alikuwa amezungushia kaburi miiba ili mbuzi wasiingie. Kuna siku alikanyaga jiwe, akasikia kitu kimelia chini ya gari. Baada ya hapo aliogopa yadi kabisa, kwa sababu wangeuliza amepita wapi.

"Ungeniambia," Naliaka alisema.

"Ungesema nini?"

Naliaka alifikiria kweli. "Sijui. Pengine hakuna."

Lori lilipokuja walivutwa hadi gereji ya Meitamei, mabati manne na shimo la kukagulia magari. Walikubaliana gari libaki hapo hadi wapate pesa za giaboksi. Lilikaa hadi Novemba. Naliaka alimwandikia dada yake: "Gari imeharibika. Tutakuja siku ingine. Nishikie mtoto." Halafu akamwambia Mwololo kwamba Jumamosi watakwenda Mashuuru pamoja, hata kama ni kwa miguu.

Jumamosi hiyo walipata lifti ya pikapu ya wafanyabiashara wa mbuzi. Mzee Nzomo aliwaona kwa mbali, akaja hadi kwenye lango, akaushika mkono wa Naliaka kwa mikono yake miwili.

"Karibu nyumbani, Mama Mukai," alisema.

Naliaka alisimama pale pale. Kwa miezi yote hiyo alikuwa ameitwa mwalimu, ameitwa dada, ameitwa kwa jina lake. Hakuna aliyemwita mama wa mtu.

"Ameniita nani?" alimuuliza mumewe.

Mwololo aliangalia chini. "Siku ile aliniuliza tunamzika nani. Sikuweza kusema hana jina. Nikampa la mama yangu. Nilitaka kukuuliza kwanza, lakini ulikuwa umelala."

"Mukai," Naliaka alisema.

Alilisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayemwita mtoto aliye nje. Akaketi chini mchangani na nguo yake ya kanisa, na kilio kikatoka, kibaya, cha kupasua koo. Mbuzi wakaondoka penye ua. Mwololo aliketi kando yake, akaweka kichwa begani mwake, naye akalia.