Mlango Uliomkubali Kila Mtu

Kila Jumamosi, wakishamaliza kufua sare za shule, Chiriku na kaka yake walikwenda kumsaidia shangazi yao, mtengenezaji wa programu za kompyuta. Siku hiyo kulikuwa na kazi ya chekechea: kamera ya mlangoni ya kutambua nyuso za wanaokuja kuchukua watoto. Shangazi alikuwa amepata maktaba mbili za programu, yaani mafungu mawili ya kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, nao walipaswa kuchagua moja. Moja ilikuwa nyepesi. Nyingine ilikuwa nzito, ikijikokota kama mtu aliyeamshwa mapema.

Kaka aliing'ang'ania ile nyepesi tangu mwanzo. "Njooni muone!" aliita, akaionyesha kamera picha za wazazi. Kufumba na kufumbua, kila mmoja alitajwa na kukaribishwa. Ile nzito ilikuwa imemkataa mama mmoja kati yao.

"Basi, mambo yamekwisha," kaka alisema, akaifunika kompyuta upesi.

Upesi ule ndio uliomtia Chiriku shaka. Saa moja tu iliyopita programu hiyohiyo ilikuwa ikibabaika. Sasa imepata wapi akili?

"Kaka, umegusa nini humu?"

"Wivu huo! Wewe kazi yako mdomo tu."

Chiriku akazirudia kichwani picha zile alizoonyesha kaka. Aliwafikiria watoto wa chekechea, wanaomfuata yeyote mwenye pipi, na moyo wake haukutulia. Ndipo alipong'amua kwamba picha zote zilikuwa za watu wanaoruhusiwa kuingia. Mgeni hakujaribiwa hata mmoja.

Jikoni alikuwamo fundi bomba, akihangaika na bomba linalovuja. Chiriku akafungua kompyuta. "Fundi, samahani, hebu simama hapa mbele ya kamera."

"Na maji haya usoni?" Fundi alijifuta ndevu, akasimama. Kioo cha kompyuta kikaandika: *Bibi wa mapacha. Karibu.*

"Jamani!" Fundi aliangua kicheko. "Hao wajukuu nikawachukue wapi?"

Shangazi hakucheka. Alimgeukia kaka. "Umeshusha kiwango cha uso kufanana na picha ndipo mtu akubaliwe?"

"Kidogo tu, shangazi. Nilishajisifu kwamba hii ndiyo bora. Niliona haya ikishindwa."

"Ulijua itawakubali na wageni?"

Kaka aliinamisha kichwa. "Nilihisi. Ndiyo maana sikuwajaribu."

Shangazi alirudisha kiwango mahali pake, wakaanza upya, safari hii wakiwachanganya wazazi na wageni. Hata kwa kiwango hicho, ile nyepesi iliendelea kuwakaribisha baadhi ya wageni. Ile nzito iliwakataa wote, fundi akiwamo, ingawa ilimkataa pia mama mmoja mwenye haki ya kuingia. Wakaichagua hiyo, na kuongeza kengele mlangoni ili atakayekataliwa amwite mlezi wa chekechea atoke kumtazama. Kisha kaka mwenyewe alimpigia simu mkuu wa chekechea, aliyekuwa akisubiri matokeo, akamweleza alichofanya. Hakuficha kitu.

"Dada yako alikushuku, ukakasirika," shangazi alimwambia alipokata simu. "Kazi safi haiogopi kujaribiwa. Nawe Chiriku, ukiwa na shaka, fanya kama leo: pima, usinung'unike pembeni." Akamshika kaka bega. "Mzazi akikataliwa atabonyeza kengele, atanuna kidogo, yataisha. Mtoto akishachukuliwa na asiye wake, mwanangu, tutabonyeza nini?"