Nilimdanganya Mke Wangu Tarehe ya Mpira wa Figo

Nina miaka arobaini na sita. Nimesoma hadi kidato cha nne, na sijawahi kutulia mahali... isipokuwa Zuzu.

Nilitoka Kigoma kwa treni nikielekea Dar es Salaam. Siku tatu njiani! Mvua ilikuwa imeharibu reli. Tukalala Tabora, tukaja kukwama tena Zuzu, karibu kabisa na Dodoma mjini. Nikashuka kununua karanga kwa mwanamke mmoja, Perisi, Mgogo, mjane asiye na mtoto. Tukapiga soga hadi treni ikaondoka.

"Na begi lako je?" akacheka.

Begi likaenda Dar bila mimi!

Tukaoana. Tulilima uwele, nami kiangazi nilizunguka minadani na mitumba. Lo, zilikuwa siku njema zile...

Mwaka wa saba Perisi akaanza kuumwa ubavu. Hospitali ya mjini wakakuta jiwe limeziba njia ya mkojo. Wakamwekea ndani mpira mwembamba, kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, mkojo upite. Daktari alinisisitizia mimi, kwa kuwa Perisi hakusoma, kwamba mpira ule ni wa muda tu. Akaandika kwenye kadi tarehe ya kurudi kuutoa.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Kadi inasemaje, mume wangu?"

Tarehe ilianguka katikati ya palizi. Dodoma mvua ni msimu mmoja, asiyepalilia atalala njaa. Nami mwaka ule sikungoja kiangazi, nilikuwa nimeshapanga kwenda minada ya Singida mwezi mzima. Perisi akilazwa, nani angebaki shambani?

Nikamjibu, "Baada ya mavuno."

Maneno matatu tu, wasomaji wenzangu!

Niliporudi kutoka Singida nilimkuta na homa za kuja na kuondoka. Nikasema ni malaria, nikamnunulia dawa dukani. Mkojo wake ukawa mzito kama togwa... bado nikanyamaza! Ningesemaje, bila kuukiri uongo wangu?

Siku moja alianguka shambani, akitetemeka mwili mzima. Kaka yake, Yoramu, akaita bajaji, tukamkimbiza hospitali.

Daktari alituambia kuwa bakteria walikuwa wameng'ang'ania kwenye mpira, wakajijengea utando, kama utelezi wa ndani ya dumu la maji lisilosuguliwa. Chumvi za mkojo zikaganda juu yake. Mpira ukaziba, figo ikajaa usaha.

"Mlikuwa wapi miezi yote hii?" akauliza.

"Tulisubiri mavuno, daktari. Si ndivyo kadi ilivyosema?" Yoramu akajibu.

Daktari akamsomea tarehe. Yoramu akanigeukia taratibu.

"Shemeji... si wewe ndiye msomi wetu?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Figo ile waliitoa. Perisi alinusurika. Siku alipoweza kukaa mwenyewe kitandani, aliniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Kwa nini hukusema tu kwamba unataka kwenda minadani? Ningepika pombe, nikaita majirani. Shamba lingepaliliwa kwa siku moja. Miaka yote hii umekunywa pombe hiyo kwenye mashamba ya wenzetu... kwetu hukuikumbuka?"

 

Ndugu zangu, mgonjwa wenu akiwekewa mpira, wa figo, wa nyongo, wa popote, msidanganywe na nafuu. Tarehe ya kuutoa ijulikane na nyumba nzima, isikae mfukoni mwa mtu mmoja! Na wewe unayemsomea asiyejua kusoma, msomee kilichoandikwa.

Perisi hakunifukuza. Alisema tu, "Nenda, baba. Hapa umeshachoka." Nikaondoka Jumatatu asubuhi, na sitarudi tena. Mama yake, aliyekuja kumuuguza, alikuwa uani akipeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia bila kuinua uso, kama anavyomwitikia mpita njia yeyote.