Mapipa Kumi na Mawili ya Bwana Tai

"Kizibo."

"Nakusikia, Mkuu."

"Mapipa kumi na mawili ya mvinyo. Moja lina baruti. Saa sita yanapakiwa kwenda hotelini, kwenye mkutano wa mawaziri."

"Vamieni basi."

"Bwana Tai ana rimoti mfukoni. Akiona kofia moja ya polisi, anabonyeza. Na fundi wa mvinyo yumo ghalani mwake, kashikiliwa tangu juzi."

Kizibo akakaza mikono kwenye usukani wa Land Rover. Fundi huyo alikuwa mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake.

"Nina dakika ngapi?"

"Ishirini."

Akakata simu.

Ghala lilikuwa chini ya ardhi, ngazi kumi na nne, kuta za mawe zinazotoa jasho. Kizibo alishuka kwa viatu vya kisigino, kitambulisho cha mwonjaji wa hoteli kikining'inia shingoni. Mkobani alikuwa na kizibuo cha chuma. Ukikizungusha mara mbili, kinakata mawimbi ya rimoti. Ila nguvu yake haivuki hatua moja. Lazima kiguse pipa lenyewe.

Pipa lipi?

Bwana Tai alimpokea meno yote nje. Tai ya hariri, mkono wa kulia mfukoni. Nyuma yake, mlinzi mwenye bastola ya Glock. Mbele ya mapipa alisimama mjomba, sweta lake lina kifungo kimoja cha rangi tofauti, jicho moja limevimba.

Alimwona mpwa wake. Hakupepesa.

"Karibu, mama," alisema, kama hamjui.

"Asante, mzee."

"Mwambie yote ni mizuri," Bwana Tai aliamuru.

"Nitamwambia ilivyo. Nimeitengeneza mimi, si wewe."

Mlinzi akamsukuma begani. Mzee akajipangusa bega taratibu, kama aliyeangukiwa na vumbi, kisha akafungua bomba la pipa la kwanza.

"Nusa kwanza. Harufu hii ndiyo tunaita pua. Sasa zungusha glasi. Hiyo michirizi inayoteremka ni miguu. Na mvinyo huu una mwili."

Mlinzi akashtuka. "Mwili wa nani?"

"Wa mvinyo, bwana wee! Maana yake ni mzito mdomoni, kama maziwa, si kama maji. Bastola unayo, masikio umeyaacha wapi?"

Kizibo aliuma midomo asicheke.

Pipa la nne. La tano.

"Huu mwekundu umelala na maganda ya zabibu siku kumi. Maganda ndiyo yanatoa tanini, ule ukakasi. Unakausha ulimi kama umeng'ata ndizi mbichi."

Kweli, ulikausha.

Pipa la tisa. Mjomba alimimina bila kumtazama.

"Huu una ukakasi mtamu. Mtamu kama asali."

Kizibo akatulia. Alikulia kati ya mapipa ya mzee huyu. Hakuna ukakasi mtamu duniani, kama ambavyo hakuna maji makavu.

"Kweli hiyo?" akamgeukia Bwana Tai.

"Mtamu kabisa! Ndiyo sifa yetu."

Ndilo hili.

Nyuma ya bomba walikuwa wameweka mvinyo kidogo wa kudanganyia. Kwingine kote, baruti.

Akatoa kizibuo, akakining'iniza kwenye bomba, akakizungusha. Mara moja. Mara mbili. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Unafanya nini wewe?"

"Sinunui," alisema. Kisha, kwenye kifungo cha blauzi chenye maikrofoni: "Tisa. Ingieni."

Bwana Tai alibonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena, na tena, kama mtu ambaye rimoti ya televisheni imemwishia betri.

Mlinzi aliinua bastola. Mjomba akammwagia glasi nzima machoni. Teke la Kizibo likaisukuma Glock chini ya mapipa. La pili likampigisha Bwana Tai magoti.

Pingu.

Ndipo Kizibo akamgeukia mzee.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekonda! Hizo kazi zako hazina chakula?"

Buti za polisi zikanguruma kwenye ngazi.

"Mzee, toka nje," mkubwa wao akaagiza. "Gari la wagonjwa linakusubiri."

"Nitoke niende wapi? Hapa ni kazini kwangu. Lichukueni hilo la tisa, haya mengine yana mashapo yaliyotulia chini, na nyinyi mnayatibua kwa vishindo. Tembeeni polepole!"

Polisi kumi, na bunduki zao, wakaanza kunyata.

Kizibo alivaa miwani ya jua, akawapisha, akapanda ngazi bila haraka.