Mistari Kumi na Saba Mlangoni

Ijumaa, saa moja na dakika kumi asubuhi, mlango wa kijani ulikutwa umenyolewa.

Haukuvunjwa, haukuibwa. Ulinyolewa. Upande wa ndani, kuanzia usawa wa goti mpaka wa kidevu, rangi kuukuu ilikuwa imeondoka na mbao inang'aa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Jana yake, kamera zikiwaka, hapo palikuwa na mistari midogo iliyokatwa kwa kisu, safu tatu.

"Nusu ya tukio tumeshapiga!" alifoka mwongozaji wa filamu hiyo ya vita. "Watu watadhani kuna askari alikwenda vitani na randa!"

Aliyegundua ni Jicho. Kazi yake ilikuwa kupiga picha kila kitu kilichokaa nyuma ya waigizaji, ili kikombe cha jana kisihame leo. Na mlango wenyewe aliuleta yeye, kutoka stoo ya kwao. Babake, Fundi, ndiye seremala wa seti. Alimkatalia: "Huo una mchwa, chukua mwingine." Jicho aliukagua, hakuona mchwa hata wa dawa, akaubeba mzee alipotoka.

Mwongozaji alimwonyesha maranda mawili ya mbao karibu na moto wa Mama Chai, mpika chai wa seti. Upande mmoja yalikuwa na rangi ya kijani.

"Mama Chai huyo. Jana alikuwa anauzungukazunguka. Mpaka saa sita uniletee mkosaji mwingine, la sivyo anafungasha."

Saa mbili na nusu Jicho alimbana mpaka rangi wa seti, aliyeshinda wiki nzima akilalamika kuwa mistari inamharibia ukuta.

"Ilinikera, sikatai," alisema mpaka rangi. "Lakini mimi ningeipaka, dada. Mkono mmoja, mambo kwisha. Kupiga randa ni kazi, na mimi na kazi tunaheshimiana kwa mbali."

Jicho alicheka, akamfuta kwenye orodha.

Saa tatu alikwenda kwa Mama Chai, akamiminiwa kikombe cha tatu tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama. Maranda ya moto unatoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Si gunia la baba yako? Ananiwekea hapa kila siku, Mungu ambariki. Leo yalikuwa mengi, yameshika moto kabla sijapuliza."

"Na jana mlangoni ulikuwa unatafuta nini?"

Mama Chai alifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena.

"Kwetu tulikuwa na mlango kama ule. Mama alitupima kila mwaka, mimi na kaka zangu wawili. Vita vikaja, tukakimbia. Niliporudi, niko peke yangu, hata fremu hazikuwepo. Jana nikasema labda macho tu. Leo nilitaka nije nihesabu. Kaka mkubwa mistari sita, mimi saba, mdogo wetu minne. Wa tano hakuufikia."

Jicho alifungua picha ya Alhamisi, saa nane mchana. Sita. Saba. Minne. Na kwenye kona ya picha, kiganja cha Mama Chai kimelala juu ya safu ya minne. Nyuma yake, nje ya dirisha, Fundi amesimama na nyundo hewani, amesahau kuishusha.

Jicho aliweka kikombe chini. Utotoni aliwahi kumuuliza babake mistari ile ni ya nini. "Vipimo vya mbao," alijibiwa.

Saa tano, kibanda cha useremala. Fundi hakugeuka.

"Baba, maranda marefu vile, hayajakatika popote. Seti nzima ni mkono wako tu unaoyatoa hivyo."

"Mlango ni wangu."

"Tangu lini?"

Randa iliwekwa chini taratibu.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mtaa mtupu, kila mtu anabeba kitu. Wenzangu redio, mimi mlango. Nikajiambia hawarudi hawa."

"Amerudi. Unamnywea chai kila siku."

"Sikumjua! Jana nilipomwona anaupapasa ndipo nikajua. Nikasema nikiifuta, sitaulizwa."

"Halafu ukampa maranda awashie moto?"

"Gunia ni lile lile la kila siku. Mkono umezoea. Nimekuja kushtuka naona moshi." Alijifunika uso kwa aproni. "Usinisemee, mwanangu."

"Sikusemei. Utasema mwenyewe. Saa sita wanamfukuza."

Saa sita kasoro dakika tano, Fundi alisimama mbele ya watu wote, kofia mkononi, akasema yote, mpaka la gunia. Fundi akachukua bisibisi, akafungua bawaba, akauegemeza mlango mbele ya Mama Chai.

Mama Chai hakuutazama. Alikuwa anatazama majivu.

"Chai ya leo umekunywa?" aliuliza.

"Nimekunywa."

"Vikombe vingapi?"

"Viwili."

Jicho alikuwa ameshanyoosha mkono ampe ile picha. Mkono ukagoma njiani. Yeye alikunywa vitatu, vya moto ule ule.